Kimeng'enya cha Gamaliel

Gamaliel Kasonia hakuumwa na nyoka. Watu wa Beni wangependa iwe hivyo, maana habari ya mfuga nyoka aliyeuawa na nyoka inasimulika vizuri sokoni. Alikufa kwa presha, Jumapili asubuhi, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu vya kwendea kanisani. Dada yake mdogo, Bénite, aliwaeleza wote waliouliza matangani, kisha akachoka. Aliyetaka nyoka akamwachia nyoka wake.

Nyoka wenyewe hawakupona. Kabla jeneza halijatoka uani, vijana wa ukoo walikuwa wamekwisha kufungua kibanda cha nyuma ya nyumba na kuwamwagia maji ya moto. Walikuwa vifutu wa msituni, wanene kama mkono wa mtu mzima, wenye vipembe puani, wale wanaolala chini ya majani makavu ya kakao wakingoja mguu wa mkulima. Vijana walidhani wanasaidia. Nyumba ya marehemu hufanyiwa usafi, na nani angelaza wageni wa matanga karibu na viumbe kama wale? Walipomaliza walinawa mikono, wakaenda kubeba viti.

Kwa hiyo ilibaki chupa moja tu, ndogo kama kidole gumba, yenye sumu ambayo Gamaliel alikuwa ameikamua na kuigandisha. Baada ya mazishi, mjane wake Solange alimkabidhi Bénite chupa ile, naye akaitia ndani ya termosi ya chai iliyojaa barafu, akapanda gari la Butembo akiwa ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Alijua alichobeba. Gamaliel alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi aliwapokea wakulima wa kakao waliochelewa njiani, mguu umevimba, fizi zinatoka damu, sindano ya kuzuia sumu haipo. Alifuta damu ile hadi ikamchosha. Akaanza kuuliza: kati ya vitu vingi vilivyomo katika sumu ya kifutu, ni kipi hasa kinachoibomoa mishipa damu ikatoka? Kama kingejulikana, mtu angeweza kutafuta cha kukizuia. Aliamini ni kimeng'enya kimoja, yaani kitu ambacho kazi yake ni kukata kingine, na aliamini kinafanya kazi kwa nguvu ya madini fulani kiliyoyashika ndani yake. Hakuwa na vyombo vya kukitenga. Bénite ndiye aliyekuwa navyo, kwenye maabara ndogo ya Kimemi, Butembo. Walikuwa wamepanga wafanye pamoja wakati wa kiangazi. Sasa alibaki yeye na ile chupa, na kama angeiharibu hakukuwa na mtu, nyoka wala kibanda cha kumpa nyingine.

Aliingia kazini bila haraka. Alijaza jeli katika mrija mrefu wa kioo, akaiosha, akaipitishia sumu. Jeli ile huzishika protini, kila moja kwa nguvu yake, na ukiongeza chumvi kidogo kidogo katika maji yanayopita, zinaachia moja baada ya nyingine, zinadondoka chini zikiwa zimeachana. Bénite alikaa karibu na mrija akikinga mafungu ya matone yale, bomba dogo moja lililozibwa chini likijaa analeta jingine. Mabomba aliyachagua kwa makusudi, safi kabisa, ya plastiki ngumu, yenye vifuniko vya zambarau. Yalibaki makartoni kwa makartoni tangu wakati wa Ebola, Riposte, kikosi cha kupambana na ugonjwa ule, ilipofunga mizigo yake ikaondoka. Tarehe zilikuwa zimepita, lakini hakuna aliyewahi kuyafungua. Kimemi nzima watu waliyatumia. Waliweka mafuta ya kunukia, shanga, mbegu. Mabomba ya kioo ya maabara yalikuwa na nyufa na madoa ya kazi za zamani, na Bénite hakutaka doa la mtu mwingine liguse kazi ya kaka yake.

Halafu akafanya jaribio la maziwa. Alichukua maziwa ya Musienene, akayaondoa mafuta, akayachanganya na agari yagande meupe kwenye sahani bapa, akatoboa vishimo, na katika kila kishimo akadondosha tone la kila fungu. Kimeng'enya cha Gamaliel kikiwepo kingekata protini ya maziwa, na kuzunguka kishimo chake kungeonekana duara safi, kama dirisha lililofutwa ukungu. Akaiweka sahani mahali pa joto la mwili, akaenda nyumbani.

Asubuhi sahani ilikuwa nyeupe yote.

Akarudia. Nyeupe. Akaongeza matone, akangoja zaidi. Nyeupe kama ilivyomiminwa.

Lévi Maliro, mkuu wa maabara, mtu mwembamba wa parokia ambaye alizoea kumtania Bénite kwa ulokole wake, safari hii hakutania. Aliangalia sahani, akairudisha mezani polepole.

"Sumu ilikufa," Bénite akasema. "Iliyeyuka kule Beni, ikaoza."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika." Akatoka nje na simu yake.

Kitu kilichompa hakika hiyo alikuwa amekiona kwa macho. Siku za matanga kwaya ililetwa kuimba, na vipaza sauti vyao vilikosa mahali pa kuchomeka. Kijana mmoja alichomoa waya wa frigo, akachomeka wa kwaya. Nyimbo ziliimbwa mchana kutwa, na chini ya frigo maji yakatambaa hadi kwenye mikeka. Bénite alikuwa ameinua gauni lake yasimlowanishe, na hakuwaza chupa. Sasa aliiwaza.

"Mama Keren," Bénite akamwita Solange kwa jina la mwanawe, alipopokea. "Ile chupa. Siku za matanga uliiweka wapi?"

"Mu baridi, mulamu. Kuko nini?"

"Baridi ya wapi? Ba chorale balichomoa frigo. Mi niliona. Maji ilikuwa inatoka mpaka mu mikeka."

"Njo vile, balichomoa."

"Donc uliacha sumu ya kaka yangu iyeyuke juu ya nyimbo! Weye ulikuwa unajua ni ya mwisho. Ulikuwa unajua!"

Upande wa pili kuku walisikika, na mtu akitwanga. Solange aliporudi kusema hakumwita tena mulamu, yaani wifi.

"Bénite. Unakumbuka tantine Jokébed alisema nini juu yangu?"

Bénite alikumbuka. Wote walikumbuka. Mjane hukaa chini, mkekani, hatoki uani, wengine wanamletea hata maji ya kunawa. Solange alitoka. Alitoka asubuhi, akarudi, kesho yake akatoka tena. Tantine Jokébed, dada wa baba yao, alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: mujane gani huyu, mume hajapoa anatembea-tembea, anarudi ananuka samaki? Wanawake walicheka kwa pua. Bénite alikuwa katikati yao, akikatakata majani ya sombe, na hakuinua kichwa.

"Nilitoka, eh," Solange akaendelea. "Balipochomoa frigo nilichukua chupa, nikaifunga mu kitambaa cha Keren, nikaipeleka kwa mama Kahongya mwenye kuuzisha tomsoni. Yeye iko na groupe yake ya umeme, baridi yake haikatike. Niliitia chini ya makartoni ya samaki. Kila asubuhi nilienda kuishika na mukono kama iko ngumu. Nilipitia nyuma ya migomba na kitenge mu kichwa, sawa mwizi. Njo harufu ile tantine alisikia."

"Na juu ya nini hukusema ni chupa?"

"Niseme kwa nani? Kwa bale balimwaga maji ya moto? Bangesema mujane anaficha bulozi ya bwana yake, na chupa bangeimwaga. Nikaona heri baseme nanuka samaki." Akavuta pumzi. "Weye ulikuwa pale, Bénite. Ulikuwa unakata sombe."

Akakata simu.

Bénite alibaki amesimama karibu na ukuta, jua likimpiga utosini. Alitamani Solange awe amesema uongo, maana kama ni kweli, sumu haikuoza Beni. Kama haikuoza Beni, imeharibiwa Kimemi, na mikono iliyoishika Kimemi ilikuwa miwili tu.

Akaingia ndani. Chupa tupu bado ilikuwa rafuni, kwa sababu alishindwa kuitupa. Akatia matone machache ya maji, akaisuuza kuta zake kwa kuizungusha, akadondosha maji yale kwenye sahani mpya ya maziwa. Kesho yake alipoifungua alikuta duara safi, pana, hata herufi za gazeti lililokuwa chini yake zikasomeka.

"Sumu ilikuwa nzima," alimwambia Lévi. "Ni mimi niliiua."

"Ngoja kwanza, usijifunge mwenyewe," Lévi akasema, akavuta kiti. "Kuko maiti, tutafute mwuaji. Jeli?"

"Jeli ni ile ya siku zote."

"Maji ya chumvi?"

"Nilipima mara mbili. Na barafu haikukosa."

"Mabomba?"

"Mabomba ni mapya, Lévi. Hakuna kitu safi kama ile mu nyumba hii."

Lévi alichukua moja kwenye kartoni, halijafunguliwa, akalielekeza dirishani. Chini kabisa, kwenye kuta, kulikuwa na ukungu mweupe, mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Akampa Bénite. Hakukuwa na haja ya kueleza. Wakati wote wa Ebola Bénite alikuwa amechota damu za watu katika mabomba yale yale, na kuwafundisha wengine. Ukungu ule ni dawa ya kuzuia damu isigande. Inaizuia kwa kukamata madini yaliyomo, yasiweze kufanya kazi. Kwa hiyo kifuniko ni cha zambarau, ili mtu asikosee. Alijua. Si kwamba hakujua. Kwa miaka iliyopita mabomba yale yalikuwa yameingia sokoni na majikoni hadi yakaacha kuwa mabomba ya damu, yakawa vyombo safi tu, na yeye aliyachukua kama mama anavyochukua kikombe.

Akakaa chini, akafunika uso.

"Mama yangu anawekamo mbegu ya pilipili," Lévi akasema taratibu. "Ile pilipili bado haijalalamika."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshe. Ona sasa. Ile dawa inafanya nini? Inakamata madini tu. Haivunje protini, haioze kitu. Na anzimu, kile kimeng'enya cha ndugu yako, ilinyamaza papo hapo. Donc?"

Bénite akainua kichwa.

"Donc inaishi juu ya madini," akasema.

"Gamaliel alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema njo vile."

"Bon. Ulitoboa mutumbwi, lakini ulifika mule Gamaliel alikuwa anataka kwenda. Sasa tuone kama tunaweza kuiamusha ile anzimu."

Walitia mafungu ndani ya vifuko vya utando mwembamba unaopitisha vitu vidogo na kuzuia vikubwa, wakavitumbukiza katika beseni la maji ya chumvi yenye baridi. Dawa ni ndogo, ingetoka. Kimeng'enya ni kikubwa, kingebaki. Kila maji yalipochoka waliyamwaga wakaweka mengine, na barafu Bénite aliifuata mwenyewe kwa wauza samaki. Lakini kuondoa dawa hakutoshi, maana ilikuwa imekwisha kuondoka na madini. Ilibidi kuyarudisha, na kwa kimeng'enya cha namna ile madini yanayofikiriwa kwanza ni zinki. Chumvi ya zinki maabara haikuwa nayo, na kuiagiza, kwa hali ya barabara, kulikuwa ni kungoja bila kujua mwisho.

"Kuko zinki ya batoto," Lévi akasema.

Bénite akaenda farmasia ya jirani kununua vidonge vile wanavyopewa watoto wanaoharisha.

"Mutoto iko na myezi ngapi?" msichana wa farmasia akauliza.

"Hapana mutoto. Ni ya kaka yangu."

"Kaka yako anahara?"

Bénite akacheka hadi akajishika kwenye kaunta. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Msichana akamwongezea paketi ya chumvi ya kuchanganya na maji, akamwambia kaka anywe pole pole.

Waliyeyusha kidonge kimoja, wakachuja hadi maji yakawa safi, wakatia kidogo sana, kwa sababu zinki ikizidi nayo inakizima. Lévi alisema haya si ya kuwaonyesha wakubwa, ni ya kuchungulia tu, zinki ya kweli ikifika watarudia. Walidondosha fungu baada ya fungu kwenye maziwa. Bénite hakwenda kuangalia asubuhi. Alijishughulisha na kufuta meza, Lévi akaenda.

"Bénite," akaita. "Njoo."

Mafungu yote yalikuwa meupe isipokuwa moja, lililotoka karibu na mwisho. Kuzunguka kishimo chake kulikuwa na duara. Halikuwa pana kama lile la sumu nzima, lilikuwa jembamba kama pete ya mtoto, lakini ukiinamisha sahani dirishani mwanga ulipita hapo. Walichukua tone la fungu lile, wakalipitisha kwenye jeli nyembamba ya kupimia ukubwa wa protini, wakaitia rangi ya buluu. Ulijitokeza mstari mmoja peke yake. Kimeng'enya kilikuwa kimetengwa.

Bénite hakuomba msamaha kwa simu. Jambo la namna hiyo halisemwi kwa simu. Alisema tu, "Mama Keren, nitakuya Beni tuongee," na Solange akamjibu, "Usikuye. Mimi nitakuya. Nataka kuona."

Alifika na gari la asubuhi, amevaa nguo nyeusi za ujane, mkononi kifurushi kilichofungwa kwa magazeti mengi.

"Mama Kahongya anakusalimia," akasema, akakiweka mezani. Walikuwa samaki. Lévi, aliyekuwa mlangoni, akakohoa, akasema ana mtu wa kuonana naye mjini, akaondoka.

Bénite alimshika Solange mikono yote miwili. "Mulamu, nilikosa. Nilikusemea bubaya."

"Ulikosa kabisa."

"Na siku za matanga pia. Nilisikia banakutukana, nikanyamaza."

"Na siku za matanga pia." Solange alimwangalia, hakutoa mikono yake. "Nilikuwa nafikiri, hata kama bote banacheka, Bénite atasema neno moja. Hata moja." Machozi yalimlengalenga, akayaacha yapite. "Bon. Umesema leo. Nionyeshe ile kitu."

Bénite alimletea sahani, akaiinua dirishani. Solange akasogeza uso.

"Ni hii tundu tu?"

"Ni hii tundu."

"Miaka yote ile. Harufu ile mu nyumba, bageni banakimbia, mama yangu anakataa kulala kwetu. Juu ya tundu mu maziwa." Akaanza kucheka, na katikati ya kucheka akaketi, akalia kweli kweli. Bénite akaketi naye. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Baadaye Solange akajifuta. "Na sasa mutafanya nini?"

Hapo Bénite akamweleza kitu ambacho hata Lévi hakukisema kwa sauti. Kukitenga hakutoshi. Ilibidi kujua joto gani kinalipenda na lipi linakiua, kinafanya kazi kwa kasi gani, nini kinakizuia. Hapo ndipo mtu anayetafuta dawa atajua aanzie wapi. Lakini kila jaribio linakula kidogo, na kilichobaki kilikuwa chini ya kijiko cha chai. Lévi alikuwa akimngoja siku kadhaa, naye kila asubuhi alifungua frigo, akaliangalia bomba la kioo alimokihifadhi, akaufunga mlango tena.

"Ikiisha, imeisha," Bénite akasema. "Hakuna kitu ingine kilitoka mu mikono yake."

Solange akaunyoosha mkunjo wa kitenge chake gotini.

"Mulamu, weye unafikiri mi nilikuwa naificha mule mu samaki juu ya kuiangalia?"

"Hapana."

"Ningetaka kitu ya kuangalia, niko na shati zake. Niko na Keren, uso ni wake kabisa, hata kukasirika ni kwake." Akasukuma kiti nyuma. "Ile kule mu frigo ni kazi. Alikuwa analala na hasira juu haijaisha. Imalize. Mi nitakuwa hapa, nikushike kitu gani?"

Bénite akatoa bomba. Alimimina maziwa mepesi katika mabomba mawili ya kioo aliyoyasugua mwenyewe kwa mchanga na sabuni. Sehemu ndogo ya kimeng'enya aliichemsha kwanza ife, iwe ya kulinganishia, akaitia katika bomba la kwanza. Nyingine, isiyochemshwa, akaitia katika la pili. Akampa Solange ayashike ndani ya kikombe cha maji vuguvugu, mkono juu ya mkono, asitingishe. Mengine yangefuata siku hiyo na kesho yake, hadi tone la mwisho, na Bénite alijua hivyo alipofunga mlango wa frigo.

Waliketi wakiyatazama. Mwanzoni hakukuwa na tofauti.

"Alikuwa anakoroma," Solange akasema. "Unajua?"

"Tangu mutoto. Mama alikuwa anamutupia kiatu."

"Mi nilikuwa namupiga na kisigino. Ananyamaza, anaanza tena, na sauti ya juu kuliko ya kwanza."

"Na kanisani?"

"Acha, mulamu! Tenor ya uongo. Ba chorale balimuomba akae na ba papa nyuma."

Walicheka, na Solange akakumbuka asitingishe, akajizuia, wakacheka zaidi. Bomba lililochemshwa lilibaki jeupe. La pili lilianza kupungua weupe juu, kisha katikati, polepole, hadi kupitia ndani yake wakaona fremu ya dirisha, na nyuma ya dirisha bati la nyumba ya jirani, na nguo zilizoanikwa.

Bénite aliandika alichopaswa kuandika, akanyoosha mkono achukue lile bomba akalisafishe kwa ajili ya jaribio linalofuata.

"Usiimwage kwanza," Solange akasema.

Akaurudisha mkono. Wakaendelea kukaa.